Aombaye kwa Ajili ya Wengine Asione Haya

Dominika ya 13 ya Mwaka B
Masomo: Hek 1:13-15, 2:23-24, 2 Kor 8:7, 9, 13-15, Mk 5:21-43

Wapendwa ndugu zangu katika Kristo, ninyi mlioketi majumbani mkisikiliza, wagonjwa mlioko vitandani, nanyi makatekista mnaojiandaa kuongoza ibada vigangoni mahali ambapo padre hatafika leo: nawasalimu nyote kutoka Makanyagio, hapa Mpanda.

Injili takatifu ya Dominika hii inatuletea waombaji wawili. Wa kwanza ni Jairo, mkuu wa sinagogi, mtu mwenye cheo na heshima zake. Binti yake wa miaka kumi na miwili yu mahututi. Jairo anakuja mchana kweupe, mbele ya umati mkubwa, anaanguka miguuni pa Yesu na kumsihi sana. Wa pili ni mwanamke aliyeteswa na kutokwa damu kwa miaka kumi na miwili, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga bila kupata nafuu. Huyu anakuja kwa nyuma, kimya kimya, akitaka kugusa vazi tu na kuondoka. Bwana anaposimama na kumtafuta, mwanamke huyo anatetemeka kwa hofu.

Jairo anaomba waziwazi, mama huyu anaomba kwa kujificha, na wote wawili wanasikilizwa. Lakini tuangalie jambo moja. Ni nini kilichompa Jairo ujasiri wa kuanguka mavumbini mbele ya watu waliozoea kumwona ameketi katika kiti cha mbele? Cheo kingemzuia kuinama. Ujasiri wake ulitoka kwa mtoto aliyelala kitandani nyumbani. Jairo hakuwa anajiombea nafsi yake. Mtu anayemwona mtoto wake akikata roho hana nafasi ya kujiuliza watu watamfikiriaje.

Ndugu wapendwa, ningependa leo tulitafakari jambo hili la kuomba kwa ajili ya wengine, kwa maana linatusumbua sana katika jumuiya na vikundi vyetu. Tunavyo vikundi vya kina mama wanaowatunza yatima. Tunao vijana wanaowatembelea wazee wasio na ndugu. Tunazo kamati zinazotaka kuezeka kanisa la kigango au kumlipia mgonjwa nauli na matibabu. Nia ni njema na kazi ni ya kweli. Lakini inapofika saa ya kumwendea mtu na kumwambia, "Ndugu, tunahitaji msaada wako," miguu inakuwa mizito. Mara ngapi wajumbe wawili wametumwa kwa mfanyabiashara na barua mkononi, wakafika mlangoni, wakatazamana, wakamwachia mlinzi ile barua na kurudi nyumbani? Jioni wanatoa taarifa kwamba hawakumkuta. Wakati huo yatima yule aliyeandikwa katika barua bado yupo, na njaa yake haikusubiri.

Kwa nini tunaogopa? Naona sababu tatu. Ya kwanza, tunadhani kwamba kuomba kunatufanya kuwa ombaomba. Ya pili, tunadhani kwamba mfadhili ni mtu wa namna nyingine, mkubwa kuliko sisi, ambaye hatuna cha kumpa. Ya tatu, na pengine hii ndiyo nzito zaidi, tunaogopa kuulizwa maswali kuhusu fedha, kwa sababu wapo watu waliochangishwa zamani na hawakuona kilichofanyika. Tuzitazame sababu hizi moja baada ya nyingine katika mwanga wa Neno la Mungu.

Kwanza: je, sisi ni ombaomba? Katika Injili ya Luka, sura ya 11, Bwana wetu anasimulia habari za mtu aliyegonga mlango wa rafiki yake usiku wa manane. Tumezoea kukumbuka kwamba alibisha bila kuchoka. Tumesahau mambo mawili. La kwanza, mikate aliyoomba haikuwa yake: alikuwa na mgeni aliyefika kutoka safarini, naye hakuwa na cha kumwandalia. La pili, alitaja hesabu. Aliomba mikate mitatu. Hakusema, "Nisaidie chochote ulichonacho." Alijua mgeni wake anahitaji nini, akakitaja. Mtu huyo aliweza kustahimili kukataliwa mara ya kwanza kwa sababu alijua kwamba akirudi mikono mitupu, atakayelala na njaa ni mgeni.

Sisi watu wa Katavi tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Upande wa machweo wa mji wetu, kandokando ya Ziwa Tanganyika, ipo misheni ya Karema, ambapo Mapadre Weupe walifika mwaka 1885. Miaka minne baadaye, mwaka 1889, alifika hapo kijana mmoja Mwafrika aitwaye Adriano Atiman. Alikuwa amezaliwa nchi za Timbuktu, akaibwa angali mtoto, akauzwa utumwani na kuvushwa jangwa la Sahara. Wamisionari walimkomboa huko Algeria, wakamsomesha, hatimaye akapata elimu ya utabibu katika kisiwa cha Malta. Kutoka hapo alikuja Karema, akawa mganga na katekista, na kuwahudumia watu wetu mpaka kufa kwake mwaka 1956. Miaka sitini na saba! Makatekista mnaonisikiliza, huyu ni mwenzenu.

Sasa jiulizeni: fedha za kumkomboa na kumsomesha mtoto huyo zilitoka wapi? Zilitoka katika sadaka za waamini ambao hawakupata kumwona. Na sadaka hizo zilipatikana kwa sababu kulikuwa na mtu ambaye hakuona haya kuziomba. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alianza kuwaombea yatima wa njaa kuu ya Algeria mwaka 1867 na 1868. Katika miezi ya Julai na Agosti ya mwaka 1888, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka sitini, alikwenda Paris, London na Brussels akiwaeleza watu hadharani mateso ya biashara ya utumwa katika Afrika. Baba Mtakatifu Leo XIII aliiunga mkono kazi hiyo, na mwaka 1890 aliagiza kwamba kila mwaka katika sikukuu ya Epifania ifanyike changizo makanisani kwa ajili ya kuwaokoa watumwa wa Afrika. Kardinali akiomba na Papa akiagiza changizo! Kama kuomba kwa ajili ya mtoto aliyeuzwa ni aibu, basi aibu hiyo ndiyo iliyowapa Wakarema tabibu wao.

Pili: mfadhili ni nani? Tukisikia neno hilo, mawazo yetu yanakimbilia ng'ambo, kwa mtu mwenye fedha nyingi anayeketi katika ofisi kubwa. Lakini angalieni jinsi misaada ya misioni ilivyoanza. Mwaka 1822, katika mji wa Lyon huko Ufaransa, lilianzishwa Shirika la Uenezaji wa Imani. Chanzo chake kilikuwa msichana aitwaye Pauline Jaricot, ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri mwezi Mei 2022. Aliwakusanya wafanyakazi wa viwanda vya hariri katika makundi ya watu kumi kumi, kila mmoja akitoa sarafu moja ndogo kwa juma pamoja na kusali. Waliotoa walikuwa maskini, mabinti wa kiwandani waliokula kwa jasho lao. Shirika lile sasa ni la Kipapa, na hata leo changizo la Dominika ya Misioni ni mtoto wa zile sarafu ndogo. Wahenga wetu wamelisema hilo tangu kale: kutoa ni moyo, si utajiri.

Mtume Paulo naye anatoa ushuhuda huo huo. Katika sura hiyo ya 8 tuliyoisoma leo, anawasimulia Wakorintho juu ya makanisa ya Makedonia: walikuwa katika dhiki na umaskini mkubwa, lakini ndio waliomsihi Paulo awaruhusu washiriki katika mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Paulo haombi kama mtu anayejidharau. Anawaambia Wakorintho kwamba shabaha ni usawa: leo ziada yenu isaidie upungufu wa wale, na kesho ziada ya wale itasaidia upungufu wenu. Na mfano anaouweka mbele yao ni Kristo mwenyewe, ambaye kwa ajili yetu alikubali kuwa maskini ingawa alikuwa tajiri.

Basi, anayetoa na anayepokea wote wawili wanakula katika meza moja ya Bwana. Mfadhili si bwana wetu, wala sisi si watumwa wake. Tunapomwendea tunampa nafasi ya kutenda jambo ambalo peke yake asingeweza kulitenda. Muuza duka hawezi kufunga duka lake kila siku aende kumwogesha mzee asiyejiweza. Ninyi mnakwenda. Yeye anatoa sabuni na unga, ninyi mnatoa mikono na muda. Nani mkubwa hapo?

Tena tusitazame ng'ambo tu. Parokia nyingi za Ulaya zilizotusaidia zamani leo zina waamini wachache na wazee wengi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha za kuomba nje haziwezi kuwa msingi wa maendeleo yetu, na Kanisa la Tanzania nalo limesisitiza kujitegemea kwa miaka mingi. Wafadhili wa kwanza wa yatima wa Makanyagio wako hapa hapa: mkulima aliyeuza mpunga au tumbaku, mrina asali, mchimbaji aliyebahatika, mwalimu, dereva, mama wa sokoni. Wengi wao hawajatoa kwa sababu moja tu: hakuna aliyewaendea.

Tatu, ndugu zangu, ni suala la uaminifu. Hapa lazima tusemane ukweli. Ujasiri wa kweli mbele ya mfadhili hauletwi na ulimi mwepesi. Huletwa na dhamiri safi na daftari safi. Mtu anayejua kwamba kila shilingi imeandikwa hatishwi na swali. Mtu ambaye hesabu zake zina ukungu atatetemeka hata akiulizwa kwa upole.

Mtazameni tena Paulo. Alikuwa mtume, mtu aliyetokewa na Bwana. Angeweza kusema, "Niaminini mimi." Hakufanya hivyo. Katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 16, anawaagiza wachague wenyewe watu watakaoupeleka mchango wao Yerusalemu, naye atawapa barua. Katika Waraka wa pili anaeleza kwamba pamoja na Tito anasafiri ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kuwalaumu juu ya fedha hizo nyingi. Anataka mambo yawe safi mbele za Mungu, na pia mbele za watu.

Kanisa limeyaweka hayo katika sheria zake. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 1267, unaagiza kwamba sadaka iliyotolewa na waamini kwa shabaha fulani itumike kwa shabaha hiyo tu. Fedha ya mabati ni ya mabati, hata kama leo kuna mgeni wa kukaribishwa. Na kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali wawape waamini hesabu ya vitu walivyolitolea Kanisa. Kwa hiyo mwamini anayeuliza, "Mchango wetu wa mwaka jana ulifanya nini?" si mkorofi. Anadai haki yake. Na kama mahali fulani fedha zilipotea, wajumbe wapya wasilifunike jambo hilo kwa maneno matamu. Wakiri kwamba lilitokea, waeleze utaratibu mpya uliowekwa, wawaoneshe watu daftari. Imani iliyovunjika hurudishwa polepole, risiti moja baada ya nyingine.

Sasa mtaniuliza: padre, twende tukafanyeje? Mwalimu wetu mzuri katika jambo hili ni Nehemia. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta katika nchi ya ugeni, akasikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomolewa. Kwanza alilia, akafunga na kusali, na miezi ikapita tangu Kisleu hata Nisani. Siku mfalme alipomwuliza sababu ya huzuni yake, Maandiko yanakiri wazi kwamba Nehemia aliogopa sana. Sikieni vizuri: hata mtu wa Mungu aliogopa! Ujasiri si kukosa hofu. Nehemia aliomba kimoyomoyo, kisha akasema. Na aliposema alikuwa amejiandaa: alitaja muda atakaokuwa safarini, akaomba barua za kuwapa maliwali, akaomba barua ya pili kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe mbao za milango, za ukuta na za nyumba. Alijua anachohitaji, kiasi chake, na nani anacho.

Basi nanyi, kabla ya kwenda, salini pamoja. Kisha kaeni chini mwandike: watoto ni wangapi, wanahitaji nini, bei yake sokoni ni kiasi gani, sisi wenyewe tumekwisha kuchanga kiasi gani. Hilo la mwisho lisikosekane. Asiyetoa hata kikombe cha unga hawezi kumwomba mwingine gunia. Nendeni wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake. Fanyeni mazoezi nyumbani. Mmoja ajifanye mfadhili, aulize maswali magumu, mwingine ajibu. Mkifika, salimieni kwa adabu ya kwetu, elezeni kwa ufupi, tajeni kiasi kwa sauti inayosikika, kisha nyamazeni mumwachie nafasi ya kufikiri. Wengi wetu tunaharibu hapo. Tukishataja kiasi tunaingiwa na woga, tunaanza kukipunguza wenyewe kabla mwenyeji hajafungua kinywa.

Jambo jingine: lindeni heshima ya wale mnaowaombea. Yule mwanamke wa Injili, Bwana alipomwita mbele ya watu hakutaka kumwaibisha. Alimwita binti, akamrudishia heshima aliyoikosa miaka kumi na miwili. Yatima si chombo cha kutafutia fedha. Msimvalishe matambara ili apigwe picha. Msitangaze ugonjwa wa mtu ili mioyo ya watu iguswe. Wala msiongeze chumvi. Ukweli wenyewe unatosha. Na akitokea mtu mwenye fedha lakini masharti yake yanapingana na imani au utu wa mtu, mwambieni asante, mwondoke. Mwenye uwezo wa kukataa zawadi mbaya ndiye aombaye kwa uhuru.

Na mkikataliwa? Mtakataliwa, tena mara nyingi. Jairo alipokuwa njiani na Yesu, walikuja watu kutoka nyumbani kwake wakamwambia kwamba binti amekwisha kufa, hakuna haja ya kuendelea kumsumbua Mwalimu. Sauti hiyo tunaijua. Inatuambia: acheni kuwasumbua watu, mambo yamekwisha. Bwana alimwambia Jairo asiogope, aamini tu. Na wale waliocheka pale nyumbani aliwatoa nje. Mtu akisema hana, au hawezi mwaka huu, mshukuruni kwa muda wake, mwombeeni heri, msimseme vibaya njiani. Hamjui mzigo alionao nyumbani mwake. Aliyekataa leo akatendewa kwa heshima anaweza kuwaita kesho. Na aliyetoa, rudini kwake kabla ya kuomba tena, mumweleze sadaka yake ilifanya nini. Wenye ukoma kumi waliponywa, akarudi mmoja tu kushukuru. Bwana aliwauliza wale tisa wako wapi. Mfadhili naye hujiuliza hivyo hivyo.

Wapendwa katika Kristo, Injili ya leo inamalizika kwa agizo dogo ambalo ni rahisi kulisahau. Baada ya kumfufua binti yule, wazazi wakiwa wameduwaa kwa mshangao, Yesu anaagiza apewe chakula. Mwenye uwezo juu ya mauti anakumbuka kwamba mtoto ana njaa, na kazi ya kumlisha anawaachia watu. Somo la kwanza limetuambia kwamba Mungu hakuifanya mauti wala hafurahii kuangamia kwao walio hai. Basi kila tunaponyamaza kwa haya wakati mtoto anaangamia, tunanyamaza kinyume cha mapenzi yake.

Juma hili kila jumuiya ifanye jambo moja tu. Mchague mhitaji mmoja mnayemfahamu, mwandike anachohitaji na bei yake, mchange kwanza ninyi wenyewe, kisha wawili wamwendee mtu mmoja na kumwomba, wakiwa wameinua nyuso zao. Msimwachie mlinzi barua.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemsikiliza Jairo mbele ya umati, na mwanamke aliyekujia kwa kujificha, utuondolee haya inayowaacha maskini wako na njaa. Usafishe mikono yetu ili tupokee bila tamaa, na ndimi zetu ili tuseme kweli. Uwabariki wote wanaotoa, wenye kingi na wenye kidogo, na utupe sote kuketi siku moja katika meza yako. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!